Talaka ya Kisiwa cha Kidole

Kisiwa cha Kidole kilikuwa kidogo, jogoo mmoja akiwika kinaamka chote. Lakini kilitaka kujitenga na bara. Liwali Nassoro akavuka mwenyewe kuja kukikaripia.

"Bara ni mume, kisiwa ni mke," alinguruma. "Na mke hamwachi mume!"

Bi Tufaha, muuza vitumbua aliyetumwa na wenzake, alipiga magoti. "Umesema kweli, mume wetu. Basi nasi tupe zamu yetu, kama wake wengine."

Liwali alijiona dume la madume. Akakubali kukaa wiki nzima.

Kulipokucha tu aliitwa kuziba mapaa yanayovuja. Akiwa juu ya ngazi, akaletewa ugomvi wa mawifi. Wakaja wakwe zake, yaani kila bibi kizee wa kisiwa, kulalamika kwamba hajawaamkia. Alipokaa ale, Bi Tufaha akanong'ona, "Mume wetu, shemeji zako wamefika. Wote."

Liwali akatupa kitumbua. "Nimewaacha! Talaka tatu! Kisiwa kizima!"

Pazia likafunuka. Kadhi alikuwa nyuma yake, na watu tele.

"Tumesikia," akasema kadhi.

"Zilikuwa hasira tu!"

Bi Tufaha alikwisha kujifunika kanga gubigubi, kaingia eda. "Kwani, bwana mkubwa, kuna talaka ya furaha?"