Vidole vya Nkwabi

Hapo zamani, na sisemi zamani ile ya wanyama kuzungumza, nasema zamani ya karibu, babu yangu akiwa bado na meno yake yote, palikuwa na mrina asali katika nchi ya misitu ya miyombo. Jina lake Nkwabi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu. Viwili vya mwisho havikuwapo.

Wewe unayetafuna karanga, tafuna polepole. Mimi sirudii.

Ukimwuliza Nkwabi vidole vyake vimekwenda wapi, hakuwa na jibu moja. Alikuwa na jibu la kila mtu, na kila jibu lilikuwa kubwa kuliko nyumba yake. Alizitia hadithi zake chumvi mpaka watu wakambatiza Nkwabi Chumvi. Wakimwita hivyo, aliitika huku anacheka.

Alikuwa na watoto watatu.

Wa kwanza alikuwa binti, Milembe. Milembe aliogopa radi. Mawingu yakinguruma alijificha chini ya kitanda, akalia mpaka mvua ikatike. Siku moja Nkwabi akaingia naye humo chini, miguu imebaki nje. Akamwambia, "Mwanangu, unayemwogopa ni jamaa yetu. Alikuja hapa siku moja kuomba moto."

"Radi aliomba moto?"

"Alikuwa amelowa, maskini. Nikampa moto, akanipa mkono wa shukrani. Sasa yule bwana hajui kusalimia taratibu. Alipouachia mkono wangu, akaondoka na vidole viwili. Kila akipita huko juu anavitikisa, ananiuliza kama navitaka."

Milembe akatoka chini ya kitanda. Akasimama mlangoni, mvua inampiga usoni, akapaza sauti: "Baba anasema kaa navyo!" Tangu siku ile hakuiogopa radi tena.

Wa pili alikuwa mvulana, Mihayo. Ukaja mwaka wa njaa, ghala likabaki vumbi. Nkwabi akamwambia, "Vidole vyangu nilivituma mbele zamani, nilijua siku kama hii itafika. Vinatutafutia chakula porini. Twende tuvifuate." Wakaenda. Nkwabi aliinama, akatazama ardhi, akasema, "Vimepita hapa." Wakachimba, wakapata viazi pori. Kesho yake wakapata matunda. Na siku walipokosa kabisa, Nkwabi alisema, "Leo vimechoka, vimelala. Na sisi tukalale." Mihayo alijua kuwa ule ni uongo, na alijuaje nitawaambia muda wake ukifika. Lakini alifuata. Mtoto mwenye njaa akipewa kitu cha kufuata, atafuata.

Wa tatu alikuwa kitinda mimba, Luhende. Huyu hakuogopa radi wala hakuikumbuka njaa. Siku moja alimshika baba yake mkono, akaugeuza huku na huku, akauliza, "Baba, inauma?"

Nkwabi akauvuta mkono wake taratibu. Kisha akasema, "Mimi? Hainiumi hata chembe. Muulize tembo. Aliniomba nimkune ndani ya mkonga, nikamkuna, akapiga chafya kabla sijatoa mkono. Vidole vikabaki humo humo. Mpaka leo akishikwa na mafua vinamtekenya."

Luhende akacheka mpaka akagaragara chini. Nkwabi naye akacheka, akageuka, akafuta macho.

Watoto wakakua. Milembe akaolewa nyumba ya jirani. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyempikia mzee na kumfulia. Jioni aliwasimulia wanawe ile habari ya radi, neno kwa neno, na mtoto akikosea aliirudia tangu mwanzo.

Luhende akashika kazi ya baba yake. Akachonga mizinga ya magogo, akapanda miti mirefu ambayo Nkwabi hakuweza tena kuipanda, maana mwenye vidole vitatu hashiki kamba sawasawa. Na kila msimu wa asali, wakiwa wamekaa na masega mbele yao, Luhende aliuliza, "Baba, yule tembo bado anapiga chafya?" Nkwabi akaanza upya.

Mihayo aligombana na baba yake. Palikuwa na sherehe, Nkwabi akaanza mambo yake, watu wakawa wanakonyezana. Mihayo akasimama katikati ya watu. "Baba, inatosha. Wanakucheka."

"Waache wacheke, mwanangu. Wamekuja kwenye sherehe."

"Wanakuita mwongo!"

"Nasikia. Sijazeeka masikio."

Mihayo akafunga mzigo wake, akahamia mbali, akakaa huko miaka. Salamu alituma. Yeye mwenyewe hakuja.

Kisha Nkwabi akafa.

Sasa sikilizeni vizuri, maana fundo la hadithi yetu liko hapa. Watu wa nchi ile walikuwa na desturi yao. Mwenye nyumba akifa, hazikwi mpaka mwili wake usomwe. Wazee wanaonyesha kila kovu, na watoto wanasema lilitoka wapi. Mwili ukisomwa wote, marehemu anazikwa ndani ya ua wake, na aliyesoma alama ngumu kuliko zote anapewa kigoda cha baba. Kukikalia kigoda ndiko kuwa mwenye nyumba. Alama ikikosa msomaji, marehemu anazikwa nje ya ua, kule wanakozikwa wapita njia, kwa maana mtu asiyejulikana hata na watoto wake ni mgeni. Na palikuwa na sharti moja zaidi: aliyemwaga damu ya mwenye kigoda, hata tone, hakikalii.

Mihayo akapelekewa habari. Akafika asubuhi ya maziko, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nkwabi alikuwa amelazwa uani, amefunikwa shuka jeupe. Kigoda chake cha mninga kilikuwa pembeni yake.

Mzee Igembe, aliyekuwa akisimamia, akafunua goti. "Hili?"

"Alianguka mtini kabla hajamwoa mama," wakajibu wote watatu.

Akafunua bega. "Hili?"

"Nyuki. Mwaka wa mvua nyingi."

Akainua mkono wa kushoto. Kuna waliofunika vinywa, maana kicheko kilikuwa karibu.

"Na hivi?"

Milembe akasimama kwanza. Akasimulia habari ya radi, tangu moto hadi mkono wa shukrani. Hakuruka neno. Mzee Igembe akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Binti yangu, uliyaona hayo?"

"Sikuyaona. Siku vidole vilipokatika nilikuwa kwa bibi. Niliporudi niliukuta mkono umefungwa, na baba akanieleza hivyo kwa kinywa chake. Kama ni uongo, ndio uongo niliopewa. Mimi sina mwingine."

Mzee Igembe akatikisa kichwa. "Radi haisomi mwili. Mwingine."

Akasimama Mihayo. Watu wakasogea karibu, maana huyu ndiye mtoto aliyechukia uongo.

Naam, sasa muda umefika. Mihayo aliona kwa macho yake. Alikuwa mtoto mdogo, ameketi uani akimwangalia baba yake akichonga mzinga. Nkwabi aliweka shoka chini, akaegemeza mkono wa kushoto juu ya gogo, akageuka kumwita mkewe alete maji. Luhende, aliyekuwa ndiyo kwanza anajua kukimbia, akaliinua lile shoka kwa mikono yote miwili, kwa kuwa alikuwa amemwona baba akiliinua. Likashuka lenyewe kwa uzito wake. Nkwabi hakupiga kelele. Alimwangalia mtoto, akaona ameanza kukunja uso kutaka kulia, akamwambia, "Umelipasua gogo vizuri sana." Kisha akamtazama Mihayo, akaweka kidole mdomoni. Damu ilikuwa inatiririka hadi kiwiko.

Hicho ndicho alichokijua Mihayo miaka yote ile, kila watu walipomcheka baba yake. Ndicho kilichomfukuza nyumbani. Sasa angefungua kinywa tu, jina la Chumvi lingefutika, baba angelala ndani ya ua wake, na kigoda kingekuwa chake. Akamtazama Luhende. Luhende alikuwa anaangalia chini.

Mihayo akakohoa. Akasema, "Baba... baba alipanda mti mrefu kupita yote. Ulifika mawinguni. Huko juu akakuta nyuki wanaorina watu. Wakamrina vidole viwili. Walitaka kuendelea, lakini wakamwachia vilivyobaki, kama yeye alivyokuwa akiwaachia wao asali kidogo ya kulelea watoto. Walijua ana watoto wadogo nyumbani."

Alikuwa hajawahi kutunga kitu maishani mwake. Milembe akaanza kulia.

Mzee Igembe akafunika mkono wa marehemu. Alikuwa rafiki yake Nkwabi, hakupenda alichotaka kukisema. "Kama hakuna mwingine, wachimbaji wakachimbe nje ya ua."

"Yupo mwingine," akasema Luhende.

"Kaa chini, mdogo wangu," akasema Mihayo upesi.

"Sikai, kaka." Akapiga magoti karibu na shuka. "Wazee, ni mimi. Nilimkata kwa shoka nilipokuwa mtoto."

Mihayo akashika kichwa. "Nani alikuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Baba alipoanza kunifundisha kuchonga, kila nilipoinua shoka alificha mkono wa kushoto kwapani. Mtu aliyeingiza mkono kwenye nyuki akiimba! Aliogopa shoka langu tu, na yeye mwenyewe hakujua kwamba anauficha. Nikaelewa."

"Na tembo? Kila mwaka ulimwuliza habari za tembo!"

"Alifurahi kunisimulia, kaka. Alidhani bado sijui. Ningemnyang'anyaje furaha hiyo?"

Hapo hakuna aliyecheka. Hata wale wa kukonyezana walitafuta pa kuangalia.

Mzee Igembe akasema, "Mwili umesomwa. Nkwabi atalala nyumbani kwake." Wakachimba ndani ya ua, karibu na mahali alipokuwa akichongea mizinga, wakamzika. Hilo likaisha, na walilia vizuri.

Kikabaki kigoda.

Mzee Igembe akauliza, "Nani anakitaka?"

Milembe akasema, "Mimi nakitaka, sioni haya. Nimempikia, nimemwogesha, nimemfumba macho. Ukweli sikuujua kwa sababu hakuna aliyenipa. Nilipewa radi nikaitunza, na wanangu wote wanalala ikinguruma. Ninyi wawili mlikuwa na baba mwenye vidole vitatu. Hadithi zake nani alizibeba?"

Mzee mmoja akasema, "Kweli. Lakini hakusoma alama."

Mihayo akasema, "Mimi sikiombi. Mpeni Luhende, yeye ndiye aliyesoma."

"Yeye ndiye aliyemwaga damu," akajibu mzee yule. "Wewe uliujua ukweli, tumeona ulivyoshtuka, na ukakiacha kigoda ili umfiche ndugu yako. Hiyo si kazi ndogo."

"Huyo Mihayo ndiye aliyejua na akadanganya mbele ya maiti!" akadakia mwingine. "Tena baba yake angezikwa kwa wapita njia! Na miaka yote hiyo alikuwa wapi?"

Neno hilo lilimwingia Mihayo.

"Na wewe, Luhende?" akauliza Mzee Igembe.

"Sharti nalijua, mzee wangu. Nililijua kabla sijafungua kinywa."

"Alikuwa mtoto mchanga!" akapiga kelele shangazi yao, dada yake Nkwabi. "Mtoto anamwaga damu au shoka ndilo linalomwaga?"

"Desturi haikutaja umri," akasema yule mzee wa kwanza.

Wakabishana mpaka mawingu yakakusanyika juu ya miyombo, na matone ya kwanza yakaangukia udongo mpya wa kaburi. Watu wakakimbilia barazani. Wale watatu wakabaki uani.

Radi ikanguruma, kubwa, ya kutikisa ardhi.

Milembe akainua uso, akapaza sauti kama alivyopaza siku ile mlangoni: "Mrudishie vyake sasa! Yuko njiani huko!"

Mihayo akacheka. Alicheka na kulia kwa pamoja, akamshika dada yake mkono, Luhende akawashika wote wawili. Mvua ikawapiga.

"Kigoda!" Mzee Igembe akaita kutoka barazani. "Kinalowa! Mninga ule utapasuka, kiingizeni ndani!"

Lakini kwa desturi yao, kigoda cha marehemu huvushwa mlangoni na mwenye nyumba mpya, na anayekivusha ndiye. Wakakitazama. Kisha wakatazamana. Kigoda kikawa kinajaa maji.

Msiniangalie mimi. Niliposimuliwa habari hii nilimtaja mmoja wao papo hapo, na mke wangu hakuzungumza nami mpaka kesho yake, maana yeye alimtaja mwingine. Leo nawaachia ninyi, na mvua haingoji.

Je, nani alistahili kukiinua kigoda kile akiingize ndani: Milembe aliyeutunza uongo wa baba, Mihayo aliyetunga wa kwake, au Luhende aliyeusema ukweli?