Unga Uliopita Sangasi

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Nina jambo linalonikosesha raha hata nikiwa kwenye sala, na shule yangu iliishia darasa la saba, haitoshi kulikata. Nisikilizeni, kisha mnisaidie.

Walikuwapo watu watatu. Nyamizi alijaliwa mkono: akifumua kiroba cha unga na kukishona tena, hata mwenye kiwanda haoni tofauti. Hiza, dereva wa lori, alijaliwa ulimi: angeweza kumchekesha askari mwenye njaa. Ladislaus, karani wa mizani ya barabarani, alijaliwa jicho: akitazama matairi tu, anajua gari limebeba nini.

Nyamizi na Hiza walikuwa wa mji wetu, Kilonde. Ladislaus alikuwa raia wa nchi jirani, Sangasi. Mwaka ule waasi walituzingira pande tatu, njia iliyobaki ikawa ya kupita Sangasi. Wenyeji wake walituhurumia, wakaruhusu unga na dawa. Silaha walikataa, hawakutaka vita vyetu vipite uani kwao. Mkuu wa mji wetu, Mama Sikitu, akaapa kwa Mungu kwamba hazitapita.

Kisha risasi zikatuishia.

Nyamizi akatumwa ng'ambo ya pili ya Sangasi, tulikonunua unga, na sasa risasi pia. Akafumua viroba, akazifukia katikati ya unga, akashona upya. Bila mkono wake, kiroba cha kwanza tu kingetuumbua.

Hiza akaendesha. Kwenye kizuizi askari alipanda juu, akagonga viroba kwa kitako cha bunduki, akamuuliza mbona anatokwa jasho hivyo.

"Afande, nina wake wawili, na leo wote wananisubiri nyumba moja," Hiza akajibu. "Wewe usingetokwa jasho?"

Askari akacheka, akafungua njia. Bila ulimi ule, safari ingeishia pale.

Ladislaus akapima. Lori lilikuwa limejaa nusu tu, lakini mizani ilisoma kama limejaa mpaka juu. Hakuna aliyekuwa amemwomba kitu. Akayatazama matairi, akamkumbuka dada yake aliyeolewa Kilonde. Akaandika: unga. Bila kalamu yake, tungekwisha.

Siku ya tatu baada ya lori kufika, waasi wakasukumwa nyuma ya mto. Nilimshukuru Mungu kwa sauti kubwa, na nakiri, sikujiuliza risasi zimepitaje.

Waasi walijiuliza, wakajua zimepita Sangasi. Wakalipiga kwa mizinga soko la Sangasi lililo mpakani, wakaua watu kumi na tisa waliokuja kuuza nyanya. Sangasi ikatambua imedanganywa, ikafunga njia, hata ya dawa. Ladislaus akakimbilia kwa dada yake. Huku kwetu watoto wakaanza kufa kwa kuhara.

Ndipo likaja neno kutoka Sangasi: tupeni mmoja, yule aliyetudanganya, tumhukumu mbele ya waliofiwa. Akivuka yeye, dawa zinavuka. Na hukumu yao kwa kosa hilo ni kamba.

Mama Sikitu alisema aende yeye aliyeapa. Wakamkataa, kumnyonga mkuu wa mji kungekuwa kutangaza vita, na vita ndivyo walivyovikimbia. Walitaka mtu aliyetenda.

Tukakutana. Nyamizi alisema hajawahi kusimama mbele ya mtu yeyote wa Sangasi akamwambia uongo, alishona tu. Hiza akasema yeye aliulizwa habari za jasho, hakuulizwa risasi. Tena, akasema, aliyeweza kusimamisha yote kwa neno moja ni Ladislaus, na waliokufa ni ndugu zake.

"Mimi ndiye pekee ambaye hamkunituma," Ladislaus akasema taratibu. "Niliwahurumia. Sasa mnanitoa?"

Nilikuwapo. Nikainamisha kichwa kama mtu anayeomba, na sikuwa naomba.

Mama mmoja, Tabu, mwanawe amelegea begani, akasema, "Jamani, bishaneni upesi."

Basi fanya na wewe uko pale. Gari la Sangasi limesimama mpakani, litaondoka adhuhuri. Nyamizi anakutazama, Hiza anakutazama, Ladislaus anakutazama, na mtoto wa Tabu anahema.

Je, wewe ungempandisha nani?