Vibwebwe Vinne vya Mashavu

Paukwa! Pakawa gani hiyo, ya watu walioshiba uji? Paukwa tena! Naam, hiyo sasa hata jirani ameisikia.

Hapo kale, tena kale ya kale, milima ikiwa bado inagombania pa kukaa na majogoo wakiomba ruhusa kabla ya kuwika, paliondokea mwanamke jina lake Mashavu. Msicheke! Ndilo jina alilopewa na bibi yake, na mashavu yenyewe alikuwa nayo.

Mashavu alifiwa na mumewe, Mbaruku. Akaketi mkekani, analia. Shoga yake Kidawa akaja mbio. "Shoga, kilio hakilimi shamba. Jifunge kibwebwe!"

Nyinyi mnajua, mtu akiambiwa hivyo anaambiwa ajikaze. Lakini Mashavu alikuwa mtu wa kushika neno kama lilivyo. Akatwaa kaniki, akajifunga kiunoni. Kaza! Funga! Meza machozi! Akanyamaza kweli.

Mwezi haukuisha, chui akala mbuzi wake wote. Watu wakaja. "Pole, mama. Jifunge kibwebwe!" Cha pili hicho. Kaza! Funga! Haya, semeni nanyi: meza machozi! Kisha upepo ukachukua paa la nyumba yake, na mpaka leo hatujui uliliweka wapi. Cha tatu. Wa kumpa neno walikuwa wengi, wa kumpa mkono hakuonekana. Naye hakuomba. Akiulizwa hali, hujibu, "Sijambo, nimejifunga."

Mara akaja Jumbe Makame, anakokota bakora. "Mashavu, mila unazijua. Shamba lisilolimwa mpaka mwezi uandame, hupewa mtu mwingine. Zimebaki siku mbili."

Shamba hilo la kilimani ndilo aliloachiwa na Mbaruku, na ndilo la kuwalisha wanawe wawili. Likienda, wamekwisha. Mashavu akajifunga cha nne. Sasa kiuno kikawa kama kinu, mlangoni anapita ubavu ubavu.

Akapanda kilimani na jembe lake. Akalinyanyua juu, juu kabisa, akalishusha, akapiga nini? Hewa! Kiuno hakiinami! Mtu aliyekazwa vile atainamaje? Akanyanyua tena: hewa! Mara ya tatu jembe likamvuta, huyooo, akaanguka, akaenda na mteremko.

Biringi, biringi! Kibwebwe cha shamba kikafunguka. Biringi, biringi! Cha paa kikanasa mwibani. Biringi, biringi! Cha mbuzi kikamzonga kichwani Jumbe Makame, aliyekuwa akipanda kuja kukagua. Mashavu akakomea kisimani, miguu juu, katikati ya wanawake waliokuwa wakichota maji.

Kidawa akajiziba mdomo, akashindwa. "Shoga! Na Jumbe umemvika kilemba!"

Wakaangua kicheko, na Mashavu mwenyewe akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Kibwebwe cha Mbaruku kilikuwa kimebaki. Hicho hakikuanguka. Alikifungua mwenyewe, kwa vidole vyake, na hapo ndipo kilio kilipotoka, wajukuu zangu, kilio cha miezi sita. Wala hakuna aliyemnyamazisha.

Alipomaliza akapenga kamasi. "Kidawa, nimeshindwa peke yangu. Nikiamka namlilia Mbaruku, nikilala namlilia. Njooni mnisaidie kulima."

"Mbona hukusema siku zote hizo?"

"Mliniambia nijifunge, nikajifunga."

Kidawa akainamisha kichwa kwa haya. Kisha akaenda kuchukua jembe, na wenzake wote wakamfuata. Wakapanda kilimani na majembe kumi na mawili, Mashavu mbele, anainama sawasawa. Analia kidogo, anacheka kidogo, analima sana. Kesho yake jioni mwezi ulipoandama, hapakubaki hata tuta moja la kupiga.

Jumbe akaja kutazama, safari hii kichwa wazi. "Nani amelima hapa?"

"Mimi, Jumbe. Na hawa nimewaita mimi."

Basi sikieni. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tabu zitakuja, hazipigi hodi. Zikija, mwenye kulia na alie, aite watu wake, kisha ashike jembe. Nguvu isiyojua kuinama hailimi.

Hadithi yangu imefika uani, imeketi. Aliyeipenda aende nayo kitandani, asiyeipenda akaoshe vyombo. Haya, nani hakuipenda? Nyote mmeipenda? Waongo wakubwa nyinyi, na vyombo mtaosha!