Kigoda cha Mpanda Korongo

Hii alinipa shangazi yangu Mwamvita, tukipukuchua mahindi. Nami nawapa kama alivyonipa. Paukwa!

— Pakawa!

Hapo zamani za kale, babu zenu hawajazaliwa, wala babu zangu, palikuwa na mzee akiitwa Semboja, na mkewe Chausiku. Semboja alikuwa na magoti hayakunjiki. Yako wima kama mchi.

Ujanani Semboja alipanda korongo akaenda naye vitani. Korongo mkubwa kama ghala. Akaruka, papa! papa! papa! Semboja huko juu kapakata mzinga wa nyuki. Walipofika juu ya maadui, akauachia. Vuuuuu... puu! Nyuki wakatoka. Ng'wiiii! Maadui wakatimka. Vita vikaisha hata uji haujapoa. Kurudi, korongo akatua vibaya. Ndiyo hayo magoti.

Sasa kijiji kile kilikuwa na desturi yake. Aliyepigana vita hupewa kigoda, akakaa mbele barazani. Asiye na kigoda hukaa chini, vumbini. Na kigoda hakitoki hivihivi. Lazima asimame mtu aseme, "Nilimwona kwa macho yangu." Mwenyewe hajisemei. Mke hamsemei mumewe.

Na nani alimwona Semboja? Hakuna. Siku ile mganga aliwaambia watu, atakayetazama juu atapofuka. Kijiji kizima kikalala kifudifudi kwenye mtama. Jumbe naye, alikuwa kijana bado, alilala wa kwanza.

"Papa papa tuliisikia," Jumbe husema. "Lakini hata kanga akiruka hufanya papa papa."

Basi kila baraza Semboja husimama. Chini magoti hayataki, kigoda hana. Walio nyuma humwambia, "Mzee, kaa bwana, unatuziba!"

"Niwieni radhi, wanangu," hujibu. Na husimama hivyo hivyo mpaka watu watawanyike.

Mwaka mmoja miguu ikaanza kutetemeka. Tete, tete, tete. Chausiku akamtazama, akajisemea moyoni: mume wangu huyu atakufa wima.

Akajifunga nguo kiunoni. Akavuka mto, chubwi, chubwi, chubwi, mpaka kijiji cha maadui. Akamkuta Mzee Mhina, ndiye aliyekuwa mkuu wao wa vita, anasuka kamba.

"Hodi hapa."

"Karibu, dada. Kaa."

"Sikai. Mume wangu ndiye yule wa korongo. Njoo kwetu useme ulimwona."

Mhina akasuka kamba kidogo. "Nikisema nilimwona, nitakuwa nimesema nilikimbia."

"Useme kuona tu. Kukimbia mimi sikutaji."

"Dada, ni jambo moja hilo. Na hapa kwetu watu wanajua tulirudi kwa sababu ya mvua."

Chausiku akageuka aende zake. Ndipo mke wa Mhina, Kidawa, akasema kutoka jikoni, wala hakuacha kukoroga:

"Mhina. Yule wa korongo si ndiye aliyepiga kelele kwanza? 'Enyi mama, ingieni ndani na watoto, nyuki wanakuja!' Si alizunguka huko juu akipiga kelele mpaka sauti ikamkauka?"

"Ndiye."

"Niliingia na mtoto mgongoni. Yule mtoto leo ana wajukuu. Vaa, uende."

Mhina akavaa.

Barazani watu walimwona adui anaingia, wakampisha. Semboja kasimama nyuma, tete, tete, tete. Mhina akasema, "Mimi nilimwona mtu huyu juu ya korongo. Kashika shingo ya ndege kwa mkono mmoja, mzinga kwa mkono mwingine. Anapiga kelele wanawake wajifiche. Kisha akauachia."

"Ulimwonaje vizuri hivyo?" Jumbe akauliza.

"Ninyi mlikuwa kifudifudi. Sisi tulikuwa chali."

Mhina akainua kofia. "Na sikio hili nyuki walilichoma siku ile, mpaka leo halijanywea." Watu wakatazama. Kweli, lilikuwa sikio kubwa.

Jumbe akakohoa. "Leteni kigoda."

Kikaletwa, kikawekwa mbele. Semboja akaenda polepole, ko, ko, ko. Akafika. Akakitazama. Akamwambia Mhina, "Kaa wewe, ndugu yangu. Umetoka mbali."

"Semboja!" Chausiku akapiga ukelele. "Semboja, nimevuka mto mimi!"

"Mgeni hasimami nimekaa, mke wangu."

"Basi mimi nami sikai wewe umesimama," Mhina akasema.

Wakabaki hivyo, wazee wawili wima, kigoda katikati kitupu. Baraza zima halijui litazame wapi. Jumbe akawatazama, akaitazama ile miguu ya Semboja inavyotetemeka. Kisha akanyanyuka mwenyewe kwenye kigoda chake. Akakibeba kichwani, mbele ya watu wake, akakiweka kando ya kile kingine. Akarudi akakaa vumbini.

Wazee wakakaa. Semboja miguu kainyoosha mbele kama mtu anayeota moto. Akafumba macho. Akasema, "Aaah."

Sasa wajukuu zangu, mkimkuta mzee kasimama, mpeni kwanza pa kukaa. Mashahidi mtawatafuta baadaye, yeye akiwa amekaa.

Hadithi yangu imekoma hapo. Haya, mikekani wote. Kalaleni.