Nyumba Iliyokataa Kuandikwa

Kulikuwa na mama mmoja, wapendwa, kazi yake ni usalama kwenye mtambo wa kusafisha maji. Kila siku anatembea na kifaa mkononi, kama simu pana. Gesi ya klorini ikivuja, kifaa kile kinasoma upepo, kinamwonyesha nyumba zipi zihamishwe kwanza na kwa njia ipi. Lakini jamani, kifaa kitajuaje nyumbani kwako kuna mgonjwa, kama hakijaambiwa? Basi mama akawa anapita mlango kwa mlango, anauliza: mko wangapi, nani hawezi kutembea?

Akafika kwa fundi mmoja wa gereji. Loo!

"Kwetu watu hawahesabiwi!" fundi akafoka. "Unatuletea mkosi? Toka!"

Geti likabamizwa. Mama akabaki nje, uso umemshuka. Aliumia, tusidanganyane. Na pale aliposimama akasikia kikohozi cha bibi kizee ndani, kikohozi cha mtu wa kulala kitandani.

Haikupita miezi miwili, asubuhi kweupe, mtungi wa klorini ukapasuka pale mtamboni. King'ora kikalia. Watu, kwa mazoea yao, wakakimbilia uwanja wa mpira kule bondeni. Mama akatazama kifaa, akaona hatari.

"Sio bondeni!" akapaza sauti kwenye spika. "Gesi hii ni nzito, inashuka! Pandeni mlimani!"

Wakapanda. Mtaa mzima ukapanda!

Mara fundi huyo, anatweta, katoka mbio gereji mpaka mlimani. Akamwangukia mama miguuni.

"Dada, mama yangu yuko ndani, hajiwezi! Na mimi nilikufukuza, nyumba yangu haimo kwenye kifaa chako!"

"Inuka, kaka. Kifaa kiliitaja nyumba yako kwanza kabisa, waokoaji wakaenda kumbeba. Mama yako yule pale kwenye machela, anakunywa maji."

"Nani alimwandika?"

"Mimi. Siku ile ile, getini kwako."

Fundi akalia mbele za watu, mtu mzima na ndevu zake. Mlima mzima ukapiga vigelegele!

Sasa niambieni, sisi ni nani hapa? Msijifanye yule mama! Sisi ndio fundi. Mungu tumemfungia geti mara ngapi? Tumemfokea mara ngapi? Na leo umekuja umeinamisha kichwa, unadhani utambembeleza akuandike. Ndugu yangu, alishakuandika zamani, akiwa amesimama nje, wewe unamtukana! Inueni vichwa, mshangilie! Halafu kesho, yule jirani aliyekufukuza kwake, nenda kamwandike.