Nilikuwa Nakungoja Ukae

Mtu mmoja alikuwa na mama mzee aliyepooza miguu, na alikuwa na kazi ya heshima aliyopewa na kijiji. Jina lake Mbonea. Mkewe alikuwa ameshatangulia, watoto walikuwa mbali, na pale nyumbani walibaki wawili tu: yeye katika nyumba kubwa, na mama yake katika ile ndogo ya zamani ambayo alikataa katakata kuihama.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Kijiji chao cha mlimani kilikuwa na zahanati, na zahanati ilikuwa na muuguzi mmoja, pamoja na mhudumu aliyepita nyumba kwa nyumba kuwaogesha na kuwageuza wagonjwa wasioweza kuinuka. Wakubwa wa wilaya walitaka kujua kama huduma hizo zinawafaa watu, na kama haziwafai, wapi parekebishwe. Mkutano ukauliza, nani atatuzungukia? Macho yote yakamgeukia Mbonea. Mtu safi, msema kweli, hana makuu. Akakubali, na hakuwa na shaka hata kidogo kwamba ataiweza.

Akazunguka. Hakukwepa mteremko wala kilima, hilo tumpe haki yake. Kila mlango alipiga hodi, akakaribishwa, akasema hakai, ana safari. Kisha pale pale kizingitini akauliza, huduma mnazionaje? Nzuri, wakajibu. Na mhudumu, Eliwaza? Mzuri, ana mdomo mtamu, tunashukuru. Ila muuguzi, Sista Namsemba, ni mkali mno, anafoka. Mbonea akaaga, akaenda zake.

Sasa, ninyi si wageni, mnatujua sisi. Nani kati yetu aliulizwa hali na mtu aliyesimama mlangoni, akajibu kwamba hali ni mbaya? Tunaweza kuwa na maiti ndani na habari bado ni njema! Jibu la kwanza ni la adabu. La kweli hutoka baadaye, mgeni akishaketi, akishanywa maji, akishanyamaza. Mbonea alizaliwa katika hayo na kukulia katika hayo. Lakini alikuwa ametumwa, na mtu aliyetumwa hujiona ana haraka kuliko wengine wote.

Akasimama mbele ya mkutano, bwana wa wilaya ameketi pale, akasema huduma ni nzuri, mhudumu ni mzuri, muuguzi apunguze ukali. Watu wakapiga makofi. Sista Namsemba akainamisha kichwa.

Na mama yake? Mama yake alikuwa miongoni mwa wagonjwa wa Eliwaza. Kila jioni Mbonea alimpelekea chakula, akakiweka mezani, akarudi mlangoni, akauliza, mama, hujambo? Sijambo, baba. Mhudumu amefika leo? Amefika. Basi, lala salama. Alimpenda sana mama yake, msije mkafikiri vingine. Na mtoto wa kiume hafunui shuka la mama yake, hilo nalo mnalijua.

Jioni moja mvua ikamkuta humo ndani. Ilikuwa mvua ya kuogopesha, hata mlango hakuweza kuufungua. Akavuta kigoda, akaketi karibu na kitanda, akangoja ipungue. Hakuuliza kitu, maana alikuwa ameshauliza. Mama akamtazama. Akamtazama tena. Kisha akaanza kutokwa na machozi, akasema:

"Mgongo wangu unaoza, mwanangu. Nilikuwa nakungoja ukae."

Loo! Mbonea alitoka katika mvua ile ile iliyomzuia. Alikimbilia kwa nani? Kwa yule yule aliyeaibishwa naye mkutanoni. Sista Namsemba alivaa koti lake akamfuata, akimfokea njia nzima: mwanamume mzima, mama yako yuko hatua chache na wewe, ulikuwa wapi? Alipoingia kwa mgonjwa, ukali wote ukaisha. Aliketi kwanza. Akaushika mkono wa yule mama, wakazungumza mambo ya mvua na ya mahindi, mpaka mama mwenyewe akasema, basi nigeuze uone. Hapo ndipo alipomwambia Mbonea atoke, akalifunua shuka. Kidonda kilikuwa kirefu cha kuingia kidole. Kingeachwa zaidi kingemwua, alisema hivyo bila kumficha. Mbonea alisimama chini ya mchirizi wa paa akalia, na machozi yale yalikuwa halali yake.

Kulipokucha alimwendea Eliwaza, amejaa hasira. Lakini alikuwa ameshajifunza; akaomba kiti. Na alipoketi na kunyamaza, yule dada naye akayatoa ya moyoni. Mlima mzima alipewa peke yake, kwa miguu. Asingeweza kumwogesha kila mgonjwa na kufika kwa wote. Kwa hiyo alianza kuchungulia mlangoni na kuuliza, hujambo? Wakamjibu, hatujambo. Naye akaondoka akiwa amefarijika. Mbonea akatafuta la kumlaumu, akaona kwamba kila atakalosema litampata yeye mwenyewe kwanza.

Basi akaanza upya, nyumba ya kwanza hadi ya mwisho, na safari hii alikaa. Alikunywa uji usio na sukari, alipukuchua maharage pamoja na wenyeji, alisikiliza habari za ng'ombe zisizokuwa na mwisho. Na ndani ya hizo habari yakatoka yale mengine. Mzee mmoja asiyesikia vizuri hupewa dawa wala haambiwi kwa ishara azinywe vipi. Wajawazito huogopa kwenda zahanati kwa sababu dirisha la chumba cha kupimia halina pazia. Na yule Sista mkali, kumbe hufoka kwa wanaochelewesha watoto wenye homa, na akishafoka huwafuata nyumbani jioni kuona kama mtoto anapumua vema. Hakuna aliyekuwa ameyasema hayo mlangoni.

Akauomba mkutano ukutane tena. Wapo waliomvuta shati: nyamaza bwana, utatuharibia, wakubwa watatunyang'anya hata hicho kidogo tulicho nacho. Mbonea akasimama wima. Akasema niliyowaambia mara ile hayakuwa kweli, na kosa ni langu. Akamwomba radhi Sista Namsemba mbele ya wote. Kisha akayataja yote, mazuri na mabaya, kila moja kwa uzito wake. Bwana wa wilaya alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwanyang'anya kitu. Eliwaza akaongezewa mwenzake, dirisha likapata pazia, na yule mama, ambaye sasa hugeuzwa asubuhi na jioni, kidonda chake kinafunga polepole, na ameanza tena kuwasengenya majirani.

Nawe ndugu yangu, uliyemuuliza mgonjwa wako hali yake asubuhi ya leo kabla ya kuja hapa: ulikuwa umekaa?