Kande Aliyoila Ngiri Bila Kuila

Jamani, mmekaa?
— Tumekaa!
Masikio mmekuja nayo?
— Haya hapa!
Na matumbo?
— Yananguruma!
Basi yaacheni yangurume polepole, nipate kusikika.

Hapo kale, kwenye kilima cha mawe huko Ugogo, aliishi Pimbi. Mnamjua pimbi? Mnyama mdogo, mnene kidogo, hana mkia, hana pembe, hukaa kwenye nyufa za mawe akiota jua. Huyu aliitwa Mama Nyemo. Alikuwa na watoto wanne, na kitinda mimba wake aliitwa Masika. Chini ya kilima kulikuwa na mizabibu, na Mama Nyemo alijua kuzikamua zabibu zake akapata mvinyo mweupe. Lakini sifa yake kubwa ilikuwa mapishi. Akipika kande, harufu yake inashuka kilima, inavuka korongo, inaingia kwenye mapua ya watu bila kubisha hodi.

Na pua moja ilikuwa ya Ngiri. Bwana Ndahani. Kifua kama pipa, meno mawili yamechomoza huku na huku, na tumbo ambalo hajawahi kuliambia hapana.

Mwaka huo mvua ilikataa. Kila mtu alikuwa akihesabu punje. Ngiri hakuhesabu kitu. Hakulima, hakuchuma, hakupika. Alinusa tu. Moshi ukionekana kilimani, huyo, tifu, tifu, tifu!

"Mama Nyemo, umepika nini?"

"Mlenda, Bwana Ndahani."

"Lete."

Anaingiza pua chunguni, nyafu nyafu nyafu, kimya. Halafu anajifuta mdomo. "Mlenda mzuri. Kesho ongeza chumvi."

Kesho yake, moshi, tifu, tifu, tifu!

"Mama Nyemo, umepika nini?"

"Boga, Bwana Ndahani."

"Lete."

Nyafu nyafu nyafu, kimya. "Boga zuri. Kesho ongeza karanga."

Siku ya tatu hivyo hivyo. Kuficha chungu haikuwezekana, maana nyufa za pimbi ni nyembamba na chungu ni kipana. Kupigana naye haikuwezekana pia. Mmeshaona meno ya ngiri.

Siku ya nne Masika aliteleza kwenye jiwe ambalo alizoea kuliruka kila asubuhi. Hakulia. Alilala palepale alipoangukia, anatazama mawingu yasiyo na mvua. Mama Nyemo akamwinua, akamwona mwepesi kama ganda la karanga. Akamrudisha ndani, akamfunika majani.

Siku ya tano alikung'uta ghala lote. Kilichobaki akakipika chote: chungu cha mlenda, chungu cha boga la karanga, chungu cha kande. Akavifunika kwa majani mapana. Kisha akachukua mtungi mmoja wa mvinyo wake, akaumimina kwenye vibuyu vitatu, akavipanga mbele ya vyungu. Akawaambia watoto, "Kaeni kwenye ufa. Mtanisikia nikikohoa."

Moshi ukapanda. Tifu, tifu, tifu!

"Mama Nyemo, umepika nini?"

"Mlenda, boga na kande, Bwana Ndahani."

"Vyote? Lete!"

"Karibu sana. Ila sijui leo unakula kikubwa au unakula kidogo."

Ngiri akasimama. "Kikubwa ndiyo kukoje?"

"Kama Tembo. Tembo hagusi chakula kabla hakijapata mvinyo wake. Sisi wadogo ndio tunabugia tu."

"Mimi mkubwa," alisema Ngiri haraka. "Lete huo mvinyo."

"Huu hapa. Mvinyo mweupe."

Ngiri akachungulia ndani ya kibuyu. "Mbona ni wa njano?"

"Ndiyo mweupe huo."

"Aa. Na ukoje?"

"Mkavu. Wa kulia kande."

Ngiri akachovya ulimi. "Mbona umelowa?"

"Umelowa, lakini ni mkavu. Hiki kingine ni mwepesi, wa mlenda. Na hiki ni mtamu, wa boga."

Ngiri akakiinua kile chepesi, akakiinua kile kitamu. Vilikuwa na uzito mmoja. Akanusa, harufu ilikuwa moja. Akamtazama Mama Nyemo, na Mama Nyemo akamtazama kwa heshima kubwa.

"Kweli," alisema Ngiri. "Tofauti ninaiona."

"Nilijua utaiona. Sasa, sheria ni moja tu. Chakula kiwe cha moto, mvinyo uwe wa baridi. Chemchemi iko bondeni. Anza na huu wa mlenda. Onja hukohuko ujue kama umepoa, kisha uulete. Na majani ya chungu yasifunuliwe kabla mvinyo haujafika, mvuke ukitoka umeharibu."

Ngiri akashika kibuyu kwa meno, akashuka. Tifu, tifu, tifu! Chubwi! Akakizamisha. Akaonja. Bado. Akaonja tena. Bado kidogo. Akaonja mara ya tatu, umepoa.

Huku juu Mama Nyemo akakohoa. Kho! Watoto wanne wakatoka, wakala mlenda wote, wakarudi ufani. Akafunika chungu kama kilivyokuwa.

Ngiri akafika anahema. Jua lilikuwa utosini na mawe yalikuwa yanachoma kama kikaango. Mama Nyemo akagusa kibuyu.

"Pole, Bwana Ndahani. Umepata moto njiani."

"Sasa nifanyeje?"

"Umalizie huu, usimwagike bure, tuende kwenye boga."

Gudu gudu gudu, akaumalizia. Akachukua kibuyu cha boga. Tifu, tifu... tifu! Chubwi! Akaonja, akaonja, akaonja. Juu, kho! Boga likaisha. Ngiri akapanda, kibuyu kimepata moto tena. Gudu gudu gudu.

Akachukua kibuyu cha kande. Tifu... tufu... tifu. Mara hii alipishana na jiti moja akaliamkia. Chubwi! Aliingia yeye badala ya kibuyu. Juu, kho! Kande ikaisha, na Masika akalamba chungu mpaka masikio yakaingia ndani.

Ngiri aliporudi, alikuwa amelowa kuanzia pua hadi mkia. Kibuyu kilikuwa kitupu, hata yeye hakujua kilikwisha saa ngapi. Akakaa chini kwa kishindo, pu!

"Mama Nyemo, nimechoka. Lete chakula hivyohivyo."

Mama Nyemo akafunua chungu cha kwanza. Kitupu. Cha pili, kitupu. Cha tatu kilikuwa kinang'aa.

Ngiri akavitazama. Akavizunguka. Akavitazama kwa upande ule mwingine.

"Chakula kiko wapi?"

Meno yale yalikuwa karibu sana na shingo ya Mama Nyemo.

"Kimeliwa, Bwana Ndahani."

"Na nani?"

"Na wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Mvinyo ukipatana na chakula, mlaji hasikii kama anakula. Gusa tumbo lako."

Ngiri akaligusa tumbo. Limejaa, gumu kama ngoma. Akalitikisa, likasema kwalakwala. Akafikiri. Ungemwona uso wake, ungemwonea huruma.

"Nimeshiba," alisema taratibu. "Kweli nimeshiba. Mbona sikumbuki?"

"Ndiyo kula kikubwa huko."

"Kilikuwa kitamu?"

"Uliyekula ni wewe. Niambie wewe."

Ngiri akafumba macho, akatafuta ulimini, akatafuta kooni.

"Kitamu sana," alisema mwishowe. "Hasa ile kande."

Toka hapo alikuja kila siku na kibuyu chake mwenyewe cha kutiliwa mvinyo, akishuka na kupanda, akisifia. Tumbo lilipungua, mbavu zikaanza kuonekana, sifa zikaongezeka. Njiani aliwaeleza wenzake tofauti ya mwepesi na mkavu. Na kila kidogo alichookota Mama Nyemo kiliishia kwa watoto wake, wakanenepa.

Mvua ikaja, mavuno yakajaa. Mama Nyemo akaingiwa na huruma. Siku moja akampakulia Ngiri bakuli la kande halisi, ya moto, ya mahindi na maharage, akamwambia, "Leo kula tu, ndugu yangu."

Ngiri akatia mdomoni. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akatema.

"Mama Nyemo, hii siyo. Ile ya siku ya kwanza ilikuwa bora."

Akaondoka zake. Mama Nyemo akabaki ameshika bakuli. Hakuna mtu aliyewahi kuikataa kande yake. Aliionja, akaongeza chumvi, akaionja tena, na mpaka watoto wanalala alikuwa bado anajiuliza alikosea wapi.

Hapo ndipo nilipowaacha, mmoja anasifu asichokula, mwenzake analia juu ya alichopika. Ngano imekwenda zake, mimi nimebaki na koo kavu.

Na funzo lake, wanangu, ni kwamba tusidanganye watu, kwa sababu uongo haushibishi.

— Lakini bibi, watoto wa pimbi walishiba!

Walishiba kande. Msinichanganye.